Dawa iliisha, usaha ukabaki: kisa cha konstebo wa Oxford, 1941

Mgonjwa ni polisi, mwanamume wa miaka 43. Alilazwa tarehe 12 Oktoba 1940 katika hospitali ya Radcliffe Infirmary mjini Oxford, Uingereza, akitoka usaha usoni, kichwani na kwenye matundu ya macho yote mawili. Maelezo ya madaktari waliomtibu yanasema ugonjwa ulianza mwezi mmoja kabla, kwa kidonda pembeni mwa mdomo. Usaha ulipopimwa ulikutwa na bakteria wa aina mbili: Staphylococcus aureus, aliyeanza kuvamia, na Streptococcus pyogenes, aliyedandia baadaye.

Jina lake ni Albert Alexander, na kila historia ya penisilini inamtaja kwa mistari miwili: alichomwa na mwiba wa waridi, akapewa dawa mpya, akapata nafuu, dawa ikaisha, akafa. Mimi nataka tukae naye muda mrefu zaidi ya hapo. Maswali mengi wanayojiuliza madaktari leo kuhusu stafilokokasi (yule Staphylococcus aureus) na dawa zake mpya yamo ndani ya faili la mtu huyu. Msimamo wangu nautoa mapema, msomaji asihangaike kuutafuta: penisilini haikushindwa. Kilichomwangusha konstebo ni hesabu, yaani kiasi cha dawa, idadi ya siku, na maficho ya bakteria ambayo hayakufikiwa.

Kwanza tumalizane na mwiba. Simulizi la waridi ni tamu, ndiyo maana limedumu. Miaka mingi baadaye binti wa marehemu alieleza jambo tofauti: baba yake aliumia kazini wakati ndege za Wajerumani ziliposhambulia Southampton, alikokuwa amepelekwa kuongeza nguvu. Taarifa ya kitabibu ya mwaka 1941 inataja kidonda cha mdomoni tu. Kwa stafilokokasi yote mawili yanawezekana. Bakteria huyu hahitaji mlango mkubwa. Mchubuko wa wembe unamtosha. Karibu watu watatu katika kila kumi wanaishi naye puani bila kuumwa, wakimhamisha kwa vidole kutoka puani kwenda kokote ngozi ilipochanika.

Aliyempa bakteria huyu jina ni daktari mpasuaji wa Aberdeen, Alexander Ogston, aliyeanza kuuchungulia usaha wa majipu kwa hadubini mwaka 1880. Aliona vidonge vya mviringo vimeshikamana kama kishada cha zabibu, na Kigiriki cha kishada cha zabibu ndicho kilichozaa "staphylo". Neno "aureus", la dhahabu, lilifuata mwaka 1884 kwa sababu ya rangi ya manjano anayoitoa akioteshwa maabara.

Sasa turudi kitandani. Kuanzia tarehe 12 hadi 19 Desemba konstebo alipewa salfapiridini, dawa ya jamii ya salfa iliyokuwa silaha kubwa ya wakati ule. Alimeza jumla ya gramu 19. Hakupata nafuu yoyote, na juu yake akatokwa na vipele vya mzio wa dawa.

Kushindwa kwa salfa hapa kuna sababu inayoeleweka, na si kwamba dawa ilikuwa hafifu. Dawa za salfa humzuia bakteria asijitengenezee foleti anayoihitaji ili azaliane. Lakini usaha umejaa mabaki ya seli zilizokufa, na ndani ya mabaki hayo bakteria anaokota vilivyokwisha kutengenezwa. Ni kama kumfungia mtu jiko lake wakati kwa jirani sufuria iko wazi. Kikundi cha Oxford kilikuwa kimeshaona katika vipimo vyao kwamba penisilini haizuiwi na usaha kwa namna hiyo, na hilo pekee lilitosha kuwafanya wamtafute mgonjwa wa aina ya Alexander.

Tarehe 19 Januari 1941 alipasuliwa majipu mengi usoni na kichwani, na yote yalitoa bakteria walewale wawili. Tarehe 3 Februari jicho la kushoto likaondolewa. Kisha ugonjwa ukaonekana kwenye mkono wa kulia, na baadaye mapafuni, makohozi yakawa na bakteria hao hao.

Mapafu ndiyo ukurasa ninaourudia kila nikisoma kisa hiki. Kidonda cha mdomoni kinaweza kusambaa kwa kuambukiza ngozi ya jirani, lakini mkono na mapafu havipakani na mdomo. Hapo damu ndiyo iliyobeba. Stafilokokasi akishaingia kwenye damu hupanda mbegu: kwenye mapafu, mifupa, uti wa mgongo, figo, vali za moyo. Anazo protini zinazogandisha damu, na hizo humjengea ukuta wa nyuzi za fibrini. Ndani ya ukuta huo hakuna mishipa ya damu, kwa hiyo hata dawa inayosafiri kwa damu inafika mlangoni na kusimama. Waliomo ndani wengi huacha kukua kwa kasi, nayo penisilini huua bakteria anayejenga ukuta wa seli yake. Asiyejenga haimgusi.

Huku kwetu jipu lililozama ndani ya msuli, lisilo na mdomo, wengi huliita tambazi, na wapo wanaoshikilia kwamba mwenye tambazi akichomwa sindano hufa. Imani hiyo imechelewesha watu wengi nyumbani. Hata hivyo nikiisikiliza vizuri nahisi kuna jambo wazee waliliona kwa macho yao wakalieleza vibaya: sindano peke yake, bila mtu kupasua na kutoa usaha, mara nyingi haimwokoi mgonjwa wa aina hiyo.

Wakati konstebo akioza kitandani (samahani kwa neno, lakini hakuna jingine linalotosha), umbali mfupi kutoka wodini, katika Shule ya Patholojia ya Sir William Dunn, watu walikuwa wakifuga ukungu. Alexander Fleming alikuwa ameuona ukungu huo London mwaka 1928, ukiua bakteria kwenye sahani ya maabara, na bakteria waliokuwa kwenye sahani ile walikuwa stafilokokasi. Aliandika, akajaribu kidogo, kisha kazi ikapoa. Waliopuliza moto upya ni Howard Florey, mzaliwa wa Australia, na Ernst Chain, Myahudi aliyekimbia Ujerumani. Tarehe 25 Mei 1940 waliwachoma panya wanane bakteria wa kuua, wakawapa wanne penisilini. Asubuhi wanne walikuwa hai na wanne wamekufa.

Tatizo lilikuwa kuipata dawa yenyewe. Norman Heatley, mwanabiokemia wa kikundi asiyetajwa inavyostahili, aliotesha ukungu katika kila chombo kipana alichokipata, hata mabakuli ya choo ya wagonjwa, kisha akachora umbo lake na kutengenezesha vyombo vya udongo wa kauri. Wasichana waliajiriwa kuvihudumia. Lita kwa lita za maji ya ukungu zilizaa unga kidogo wa rangi ya kahawia, na sehemu kubwa ya unga huo ilikuwa takataka nyingine. Mnamo Januari 1941 walimpa kidogo mama mmoja aliyekuwa na saratani, kwa ridhaa yake, ili waone kama binadamu ataihimili. Alitetemeka na kupata homa. Waligundua kwamba homa ilitokana na uchafu uliomo, wakausafisha.

Tarehe 12 Februari 1941 daktari kijana, Charles Fletcher, akaanza kumpa konstebo dawa kwa mshipa. Kila baada ya saa tatu, usiku na mchana.

Ndani ya siku moja homa ilianza kushuka na hamu ya chakula ikarudi. Tarehe 16, usaha ulikuwa unakauka na jicho la kulia lilikaribia hali ya kawaida. Tunaozoea kuona antibiotiki zikifanya kazi tunaweza kuliona jambo hilo dogo. Tukumbuke kwamba mwaka huohuo wa 1941, huko Boston, Skinner na Keefer walichapisha takwimu za wagonjwa 122 waliokuwa na stafilokokasi kwenye damu: asilimia 82 walikufa. Mtu aliyefikia hatua ya Alexander alikuwa anasubiriwa tu.

Tarehe 17 dawa ikaisha.

Haikuisha kwa kutojali. Figo huitoa penisilini kwenye damu kwa kasi sana. Karibu nusu yake huondoka katika nusu saa. Kikundi kilijua hilo, kwa hiyo mkojo wa konstebo ulikusanywa, ukapelekwa maabara, penisilini ikachujwa humo na kurudishwa wodini kwa mgonjwa yuleyule. Hata kwa njia hiyo akiba haikufika mbali. Jumla aliyopata katika siku tano ni gramu 4.4 za unga ule.

Hapa nilichukua kalamu na karatasi. Unga wa Oxford ulikuwa na uchafu mwingi. Tuseme, kwa ukarimu, kwamba sehemu moja katika kumi ilikuwa penisilini halisi. Tunapata gramu 0.44. Kichupa cha mega moja (yuniti milioni moja) cha penisilini ya sindano, kile kidogo kabisa, kina miligramu 600, yaani gramu 0.6. Tiba nzima ya mgonjwa wa kwanza wa Oxford kutibiwa kwa penisilini, siku tano usiku na mchana, haijazi kichupa hicho. Muuguzi wa Tanzania anayechanganya X-pen ya mega tano ameshika mkononi zaidi ya mara tano ya dawa yote aliyowahi kupewa Albert Alexander. Siku hizi mtu mzima mwenye stafilokokasi kwenye damu hupewa flukloksasilini gramu 8 hadi 12 kwa siku moja, tena dawa safi, na kwa wiki kadhaa.

Kwa siku kumi hivi baada ya dawa kwisha aliendelea kuwa na nafuu. Kisha mapafu yakamgeuka. Alifariki tarehe 15 Machi 1941.

Tulichambue. Kilichopona kwanza ni kilichokuwa wazi: uso na kichwa, mahali palipopasuliwa mwezi mmoja kabla na usaha ukapata njia. Kilichomuua ni mahali ambapo kisu hakikufika. Dawa ilikuwa ileile, bakteria yuleyule, ila upande mmoja ulikuwa umefunguliwa na mwingine umejifungia. Nikilazimishwa kutoa funzo moja tu la kitabibu kutoka faili hili, ni tofauti hiyo kati ya uso na mapafu.

Pili, nafuu ya siku tano iliwadanganya macho, si akili. Florey alijua kwamba konstebo alikuwa bado hajapona. Wangapi kati yetu tunajua hivyo? Mtu ananunua ampiklox dukani, anameza nne, jipu linanywea, zilizobaki anamwekea mtoto. Mwingine anafungua kapsuli na kunyunyiza unga juu ya kidonda. Konstebo alikosa dawa kwa sababu dunia nzima haikuwa nayo. Sisi tunaikatisha ikiwa mezani. Na kwa stafilokokasi aliyeingia kwenye damu, mwongozo wa leo ni siku zisizopungua 14 kwa mgonjwa ambaye hana mbegu kokote, na wiki 4 hadi 6 kwa mwenye mbegu. Siku hizo hazihesabiwi tangu sindano ya kwanza. Zinahesabiwa tangu damu ilipooteshwa maabara ikatoka safi. Alexander kwa kipimo hicho angehitaji mwezi na nusu. Alipata siku tano.

Kuna jambo la tatu ambalo lilikuwa bahati yake: bakteria wake alikuwa anakubali penisilini. Bahati hiyo haikudumu. Hospitali ya Hammersmith, London, Mary Barber alihesabu stafilokokasi sugu wodini mwake: asilimia 14 mwaka 1946, asilimia 38 mwaka 1947, asilimia 59 mwaka 1948. Bakteria walikuwa wanatoa kimeng'enya kinachoipasua penisilini kabla haijafanya kazi. Leo, sehemu nyingi za dunia, konstebo angepewa penisilini ya kawaida na kusingetokea hata zile siku tano.

Wanakemia walijibu kwa methisilini, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1960, dawa ambayo kimeng'enya hicho hakiipasui. Mwaka 1961 Patricia Jevons akaripoti kutoka Colindale, London, stafilokokasi wasiojali methisilini. Hawa hawapasui dawa; wamejipatia protini nyingine ya kujengea ukuta, ambayo dawa haipati pa kuishika. Ndiyo MRSA tunayoisikia. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba aina mojawapo ya MRSA ilikuwapo kwenye ngozi za kalunguyeye wa Ulaya kabla ya binadamu kuuza antibiotiki, kwa sababu ukungu unaoishi kwenye ngozi ya wanyama hao hutoa penisilini yake wenyewe. Vita hii tuliikuta, tukaimwagia petroli.

Ukubwa wa jambo: kwa makadirio ya mwaka 2019, stafilokokasi alihusika na vifo zaidi ya milioni moja duniani, na katika nchi 135 ndiye aliyeongoza kwa vifo vitokanavyo na bakteria. Usugu wa MRSA peke yake ulisababisha vifo zaidi ya 100,000 mwaka huo.

Sasa tumchukue konstebo na kumlaza katika hospitali kubwa ya leo, tuone dawa mpya zingemfanyia nini. Naona hiki ni kipimo kizuri kuliko matangazo ya makampuni.

Damu ingeoteshwa kabla ya dawa, na kurudiwa kila siku moja au mbili hadi itoke safi. Moyo ungepigwa picha ya mawimbi ya sauti kutafuta vali zilizovamiwa, na mapafu yangepigwa CT. Usaha unaofikika ungetolewa, hata ule wa ndani, kwa bomba linaloongozwa na picha. Haya si mapya wala hayang'ai, lakini, pamoja na antibiotiki, ndiyo yaliyosaidia kushusha vifo kutoka asilimia 82 ya Boston hadi kati ya 20 na 30 za sasa. Ambazo nazo ni nyingi.

Kama bakteria wake si MRSA, angepewa kloksasilini, flukloksasilini au sefazolini. Kama ni MRSA, vankomaisini. Daktari mwingine angefikiria daptomaisini, dawa nzuri kwa MRSA wa kwenye damu, na hapo mapafu ya konstebo yangeleta mgogoro tena: maji ya utelezi yanayofunika vifuko vya hewa huikamata daptomaisini na kuilemaza. Inaua bakteria kwenye damu, ikifika mapafuni inakuwa kama haipo. Ukitaka mfano wa kwa nini haitoshi kuuliza "dawa gani kali?" bila kuuliza "bakteria yuko wapi?", ni huo.

Kisha kuna seftobiproli. Ni ya ukoo mmoja na sefazolini, lakini imeundwa iweze kuishika ile protini ya MRSA. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2023, wagonjwa 387 wenye stafilokokasi kwenye damu walilinganishwa: waliofanikiwa ni asilimia 69.8 kwa seftobiproli na 68.7 kwa daptomaisini. Marekani iliiidhinisha kwa ugonjwa huo Aprili 2024. Tusome namba hizo bila ushabiki: dawa mpya haikuipita ya zamani, imelingana nayo, na katika pande zote mbili karibu wagonjwa watatu kati ya kumi hawakufanikiwa.

Kuongeza dawa juu ya dawa je? Lilijaribiwa. Uingereza waliwapa wagonjwa 758 ama rifampisini juu ya tiba ya kawaida ama kidonge kisicho na dawa, na mwaka 2018 wakatoa jibu kwamba kwa ujumla rifampisini haikuleta faida. Jaribio jingine lililotolewa mwaka 2020 liliongeza dawa ya ukoo wa penisilini juu ya vankomaisini au daptomaisini kwa wenye MRSA, likasimamishwa mapema kwa sababu figo zilikuwa zinaumia. Mimi nayapenda majaribio ya namna hii kuliko ya ushindi. Yanamzuia daktari mwenye huruma asimdhuru mgonjwa kwa huruma yake.

Jambo ambalo lingewashangaza zaidi Fletcher na Heatley, nadhani, ni dalbavansini. Wao walikuwa wanakimbizana na mkojo. Historia nzima baada yao imejaa mbinu za kuifanya dawa ikae mwilini: probenesidi ya kuzuia figo zisiitoe penisilini haraka, kisha penisilini iliyounganishwa na prokeni ili itoke taratibu kwenye msuli, sindano ambayo kizazi cha wazazi wetu kinaijua kwa jina la PPF na kwa maumivu yake. Dalbavansini imeifikisha safari hiyo mbali: huchukua karibu wiki mbili kupungua kwa nusu mwilini. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2025, wagonjwa 200 ambao damu yao ilikwisha kutoka safi waligawanywa. Nusu waliendelea na tiba ya kawaida ya wiki 4 hadi 8, nusu wakapewa dripu mbili tu za dalbavansini, siku ya kwanza na ya nane. Haikuthibitika kuwa bora kwa jumla, lakini kwa kuponya ilikaribiana na tiba ya kawaida, na mgonjwa hakuhitaji kubaki na mpira mshipani kwa wiki nyingi. Mpira huo wenyewe ni mlango wa stafilokokasi.

Kwa nchi ambako mgonjwa anaruhusiwa kwa sababu ndugu wameishiwa nauli, dripu mbili badala ya wiki sita ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana London. Bei yake kwa sasa inalifanya liwe jambo la kuota.

Njia nyingine ni za kale zilizovaa kanzu mpya. Virusi wanaokula bakteria, bakteriofaji, walitumika kwa majipu ya stafilokokasi na Richard Bruynoghe na Joseph Maisin huko Leuven, Ubelgiji, mwaka 1921, miaka ishirini kabla ya konstebo. Ulaya Magharibi ikawasahau penisilini ilipokuja. Tbilisi, Georgia, haikuacha. Mwaka 2020 hospitali ya Westmead, Sydney, iliripoti wagonjwa 13 wenye stafilokokasi mkali waliopewa mchanganyiko wa faji kwa mshipa mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, pamoja na antibiotiki zao. Wanane walipata nafuu, na faji hawakuonekana kuwadhuru. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo nani alimponya nani haijulikani. Uzuri wa faji kwa kisa chetu ni kwamba huzaliana pale adui alipo, tofauti na penisilini iliyokuwa inapungua kila saa. Iwapo wataweza kuupenya ukuta wa jipu la mapafuni ni suala jingine.

Kuna na vimeng'enya vya faji vinavyopasua ukuta wa bakteria moja kwa moja. Kimojawapo, eksebakasi, kilitia matumaini makubwa kwenye jaribio dogo la wenye MRSA, kisha jaribio kubwa likasimamishwa mwaka 2022 kwa kuwa hapakuwa na dalili ya kufanikiwa. Chanjo nazo zimejaribiwa na kuanguka, zaidi ya moja.

Na wapo wanaoanzia puani. Waholanzi walionyesha mwaka 2010 kwamba mgonjwa anayekutwa na stafilokokasi puani, akipakwa mafuta ya mupirosini na kuogeshwa kwa sabuni ya kloreksidini, maambukizi ya bakteria huyo hospitalini yanashuka kutoka asilimia 7.7 hadi 3.4. Tübingen, Ujerumani, mwaka 2016 wakapata puani mwa binadamu bakteria jirani, Staphylococcus lugdunensis, anayetoa kemikali ya kumfukuza aureus. Kemikali hiyo wameiita lugdunini na bado ni ya maabara. Kwa konstebo haya yote yangekuwa yamechelewa, ila kwa jirani yake wa wodi ya upasuaji, sabuni na mupirosini vingefaa kuliko dawa zote nilizozitaja juu.

Baada ya kifo cha Alexander, Florey aliamua kutomwanzishia mtu dawa bila kuwa na akiba ya kutosha kumaliza tiba yake. Ripoti iliyotoka katika jarida la Lancet Agosti 1941 ina, mbali na waliotibiwa macho tu, wagonjwa wengine watano baada ya konstebo, na wanne kati yao ni watoto na vijana, kwa sababu mwili mdogo unahitaji dawa kidogo. Mmoja, mtoto wa miaka minne na nusu, alisafishwa maambukizi kisha akafa kwa kupasuka mshipa wa damu kichwani. Aliyefanana zaidi na konstebo ni kijana wa miaka 14: stafilokokasi yuleyule, safari hii amejichimbia kwenye mfupa wa paja. Walingoja hadi unga ukatosha, wakaanza. Alipona.